Ukifika Korongoni, Beba Baiskeli

Msikilizaji, kuna sheria moja huko Arizona, Marekani, ambayo ukiisikia mara ya kwanza utadhani ni mzaha. Mwendesha baiskeli anayeifuata Njia ya Arizona kuelekea kaskazini, akifika ukingoni mwa korongo la Grand Canyon, hushuka, huifungua baiskeli yake, huifunga mgongoni kwa mikanda, kisha huteremka nayo kwa miguu hadi Mto Colorado na kupanda nayo ng'ambo ya pili. Gurudumu halitakiwi kugusa ardhi. Ni kilomita 34 hivi: mteremko wa zaidi ya mita 1,400, halafu mpando wa zaidi ya mita 1,700. Asiyetaka, azunguke kwa barabara ya magari, zaidi ya kilomita 330, akatokeze upande wa pili.

Wapo wanaobeba. Tena baadhi yao huwa mashindanoni.

Njia yenyewe ina urefu wa kilomita 1,290 hivi. Huanzia mpakani mwa Mexico, ikapasua jimbo zima, ikaishia mpakani mwa Utah. Ukitaja jangwa, wengi wetu tunaona matuta ya mchanga. Lakini Jangwa la Sonora, ambalo njia hii hulipita, ni la miiba. Humo yamesimama madungusi makubwa yaitwayo saguaro, mmea unaoweza kuishi zaidi ya miaka 150, na ambao aghalabu hutimiza miaka 50 na zaidi kabla haujatoa hata tawi moja. Watu wa Tohono O'odham wamevuna matunda yake vizazi na vizazi, wakayapika yakawa sharubati nzito, nyingine wakaichachusha ikawa divai. Kisha ghafla, katikati ya nchi hiyo kame, inaibuka milima iliyojitenga: Huachuca, Santa Rita, Rincon, Santa Catalina. Chini umekanyaga miiba. Juu unakuta misonobari, na msimu wake ukiwadia, theluji. Karibu na Mto Gila msafiri yuko mita 500 na kitu juu ya usawa wa bahari. Kwenye uwanda wa Kaibab atapita mita 2,700.

Aliyeibuni njia hii ni mwalimu wa shule wa mji wa Flagstaff, Dale Shewalter. Mwaka 1985 alitembea kutoka Nogales, kule mpakani, mpaka Utah, aone kama jambo lenyewe linawezekana. Aliporudi akaanza kuzunguka na habari hiyo kwa yeyote aliyekubali kumsikiliza. Mimi hadithi za mtu mmoja aliyebadili kila kitu huwa zinanichosha, na hii haimo katika hizo. Vijia vingi vilikuwepo tayari, misituni na kwenye nchi ya mifugo na migodi. Kazi ilikuwa kuviunganisha, na kuunganisha ndiko kulikokula miaka, maana njia inapita misitu minne ya taifa, hifadhi, na ardhi ya jimbo, na kila mwenye ardhi ana masharti yake. Jumuiya ya Njia ya Arizona iliundwa mwaka 1994. Mwaka 2009 serikali kuu ikaitambua kisheria kuwa njia ya taifa. Shewalter akafariki Januari 2010. Kipande cha mwisho, kwenye makorongo ya Mto Gila, kilikamilika Desemba 2011, na yeye hakukiona.

Sasa, ubishi. Njia hii ni ya watu wa aina tatu: wanaokwenda kwa miguu, wapanda farasi na waendesha baiskeli. Pikipiki na magari ni marufuku. Ukiisoma ofisini, hiyo ni sentensi nyepesi. Lakini wakutanishe hao watatu kwenye kijia chembamba ubavuni mwa mlima! Kanuni ni kwamba baiskeli humpisha kila mtu, na mwenda kwa miguu humpisha farasi. Farasi ni kiumbe mwoga; akimwona mtu mwenye shanta kubwa mgongoni anaweza kudhani amekutana na mnyama wa kumla. Kwa hiyo unasogea upande wa bondeni, kwa kuwa farasi akishtuka hupenda kukimbilia juu, na unasalimia kwa sauti. Mpanda farasi ataipokea salamu, ila mlengwa hasa ni farasi, asikie kwamba wewe ni binadamu.

Waendesha baiskeli nao wana lao, na lina uzito. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda nyika za Marekani inakataza vyombo vya kusafiria humo, hata visivyo na injini. Ndiyo maana njia inapoingia maeneo hayo, wao huchepushwa pembeni. Farasi, na kilo zake zaidi ya 400 na kwato zilizovikwa chuma, anapita. Wanauliza: kati yetu na yeye, nani anachimbua kijia? Ukipima udongo peke yake, nadhani farasi angepata taabu kujitetea. Hata hivyo mimi nasimama na sheria. Jinsi ninavyoielewa, ilitaka pabaki mahali ambapo mtu anakwenda kwa nguvu za mwili, wake au wa mnyama, na umbali unabaki kuwa umbali. Palipo na gurudumu, korongo la siku nzima hugeuka la saa chache.

Kuhusu maji, hakuna wa kubishana. Mara nyingi tegemeo ni mabwawa ya ng'ombe, yenye mwani wa kijani, na pengine ng'ombe mwenyewe kasimama ndani. Unachuja, unameza, unaendelea. Mahali pengine kuna masanduku ya chuma kando ya njia, watu huweka humo madumu ya maji. Dumu lenye jina na tarehe lina mwenyewe, yuko njiani anakuja, liache. Na siku hizi kuna moto: ule wa mwaka 2021 karibu na mji wa Superior, na ule wa Julai 2025 ulioteketeza hoteli kongwe ya ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon.

Kama una ndugu Tucson au Phoenix, miji ya Arizona, na Wakongomani na Warundi wapo kule, mwambie asianzie korongoni. Kusini-mashariki mwa Tucson kuna kituo cha kuingilia njia kilichopewa jina la Gabe Zimmerman, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya mbunge Gabrielle Giffords, na aliyeuawa katika shambulio la risasi la Januari 2011. Kipande cha hapo, jirani na kijito cha Cienega, hakina milima ya kutisha. Aende kati ya Novemba na Machi, abebe maji yake kutoka nyumbani, maana Juni joto la huko hupita nyuzi 40 na kijito si cha kukitegemea.