Perege Bwawani: Kwa Nini Wengine Hudumaa
(Hotuba kwa wafugaji wa samaki wa Ngomeni na vijiji vya jirani)

Mtu akinunua mbuzi ajua ya kuwa mbuzi yule atakua mpaka kiasi chake, kisha atakoma. Hata akilishwa namna gani hatakuwa ng'ombe. Samaki sivyo alivyo. Yeye huendelea kukua muda wote wa maisha yake, ingawa kwa polepole kila azeekapo, na akikosa chakula au nafasi husimama palepale alipo bila kufa. Kwa hiyo umri wa samaki hauwezi kujulikana kwa kumpima urefu tu, na hapo ndipo wafugaji wengi hupata hasara.

Mfano mzuri ni perege, ambaye wengine humwita ngege au sato. Bibi Rosemary Lowe-McConnell, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa samaki cha Jinja baada ya mwaka 1948, aliwalinganisha perege wa aina moja waliokaa katika maji mbalimbali. Katika Ziwa Turkana waliona haja ya kuzaa walipofika karibu sentimita 40. Katika wangwa mdogo ulio kando ya Ziwa Albert walianza kuzaa wakiwa na sentimita 10 tu. Mvuvi mwenye haraka atasema hao ni aina mbili. La, ni samaki yule yule, ambaye katika maji mapana aweza kupita kilo 4, na katika dimbwi finyu huwa mzazi angali sawa na kiganja cha mkono.

Chakula chake ni nini? Hasa ni mimea midogo sana ya majini, ile ifanyayo maji ya bwawa kuwa ya kijani. Mimea hiyo ina ganda gumu, na viumbe wengi hawawezi kuisaga tumboni. Lakini perege ana asidi kali mno tumboni mwake na utumbo mrefu uliojikunja, ukizidi urefu wa mwili wake mara nyingi. Ndiyo maana mfugaji hutia samadi bwawani: samadi huotesha mimea, na mimea humlisha samaki. Maji meupe kama ya kisima hupendeza macho, lakini hayamnoneshi perege.

Basi, ikiwa chakula kipo, kwa nini bado hudumaa? Sababu kubwa ni uzazi. Perege wa bwawani aweza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi. Jike huchukua mayai na watoto kinywani kwa muda wa siku 10 au zaidi, na siku hizo hali kitu, au hula kidogo sana. Akimaliza, baada ya wiki chache huanza tena. Nguvu ambayo ingekuwa nyama yake huishia katika watoto, na watoto nao hugombania chakula kile kile na wazazi wao. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuchimba mabwawa ya mita za mraba 300, kila moja likitiwa vifaranga 1,000. Idadi hiyo si mbaya. Lakini 1,000 wakizaana pasipo kuzuiliwa hesabu huharibika, na siku ya kuvua mwenye bwawa hutoa ndoo nyingi za samaki ambao hakuna muuzaji atakayewanunua.

Dawa yake ni kufuga madume peke yao, maana dume hukua upesi kuliko jike. Mwenye subira aweza kuwachagua kwa mkono wafikapo gramu 20 au 30: chini ya tumbo, dume ana matundu mawili na jike ana matatu. Vituo vya kuzalisha vifaranga huwalisha homoni ya kiume katika wiki tatu au nne za kwanza. Iko na njia ya tatu, na yafaa watu wa pwani waijue kwa kuwa Unguja ilihusika. Kule Malaka, mnamo mwaka 1960, Bwana C. F. Hickling alieleza ya kwamba madume ya perege waliotoka Unguja, walipopandishwa kwa majike wa kule, walizaa madume matupu.

Sasa tuje Ngomeni penyewe. Hapa maji ya mabwawa huingia kwa bamvua kupitia mikokoni, na wakati wa jua kali chumvi yake huzidi hata ya bahari. Wanaotengeneza chumvi Gongoni wanalijua jambo hilo vyema. Perege wa maziwa huvumilia chumvi kidogo, lakini katika maji ya namna hiyo hukua kwa shida. Tangu mwaka 1978, palipoanzishwa hapa ufugaji wa kamba kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, imeonekana wazi ya kuwa mnyama wa bwawa la Ngomeni lazima awe mzoefu wa chumvi.

Mzoefu huyo yupo, naye ni mwatiko. Hana meno, hula utando wa kijani uotao chini ya bwawa, na baharini aweza kufika kilo 14. Zaidi ya hayo, hazai bwawani kabisa. Hutaga mayai baharini tu. Kwa hiyo waliotiwa 500 hubaki 500 au hupungua, na kila mmoja hupata sehemu yake ya chakula. Akipata ya kutosha, kwa miezi sita hivi hufika gramu 300 na zaidi.

Lakini kutozaa huko kuna gharama. Vifaranga vingi vya mwatiko hutoka horini, vikivuliwa kwa nyavu za matundu madogo, ambazo hukusanya pia watoto wa samaki wengine na wa kamba. Mwenye kuvichambua na avichambue ndani ya karai lenye maji, kivulini, na wasio mwatiko warudishwe horini wangali hai, kabla maji hayajatoka.