Mali bila daftari: nyimbo za Ngara na Biharamulo katika simu ya msafiri

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera.



Kila siku malori yatokayo Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga, yakaelekea Rusumo, yakavuka daraja na kuingia Rwanda. Mabasi nayo hufuata njia hiyo hiyo. Abiria huona misitu na vilima, huona maji ya mto Kagera yakiporomoka, kisha huenda zao bila ya kujua ni watu gani waishio pale, wala ni ngoma gani hupigwa siku ya arusi nyuma ya vilima vile. Redio ya basi huimba nyimbo za mjini. Nchi inayopitwa haina sauti.

Kwa hiyo wazo la kuunda programu ya simu ya kumwongoza msafiri na kumsikilizisha muziki wa mahali alipo, lastahili kupokewa kwa moyo mkunjufu. Lakini lastahili pia kupimwa, maana jambo jema likianzwa vibaya huzaa hasara kubwa kuliko jambo ambalo halikuanzwa kabisa.

Wataalamu huuita ufundi huo uhalisia ulioongezewa. Msafiri husimama penye maporomoko ya Rusumo na kuinua simu yake. Kamera humwonyesha maporomoko kama yalivyo, na juu ya picha hiyo hutokea maandishi au sura ya mpiga inanga, na sauti yake ikasikika. Hakuna uchawi hapo. Simu hutambua mahali ilipo kwa msaada wa setilaiti, hujua upande inakoelekezwa kwa dira iliyomo ndani yake, na hulinganisha hayo na kile inachokiona kwa kamera. Kosa la mita kadhaa ni la kawaida, na chini ya miti mingi au katika bonde lenye kingo ndefu kosa hilo huongezeka.

Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 4,700. Programu ya kutegemea mtandao kila dakika haitamfaa msafiri katika pori la namna hiyo. Hata hivyo dawa yake ni nyepesi. Wimbo wa dakika 3 uliobanwa kwa kiwango cha kawaida huchukua megabaiti 3 hivi. Nyimbo 50 ni megabaiti 150. Mgeni aweza kuzipakua zote akiwa Biharamulo mjini kabla ya kuingia porini. Picha za video hula nafasi mara nyingi zaidi. Hapana budi basi sauti itangulie, na picha zifuate kwa kiasi.

Hayo yote ni ya mafundi, na mafundi wapo. Swali gumu ni jingine: simu hiyo itapiga wimbo wa nani?

Kosa la kwanza liko karibu sana. Kwa kuwa mkoa ni mmoja, mtu aliyeketi mbali aweza kuchukua nyimbo za Kihaya za Saida Karoli, zilizovuma nchi nzima tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaziweka Ngara. Nyimbo hizo ni fahari ya Kagera, lakini Ngara ni nchi ya Wahangaza na Washubi, na majina yake ya zamani ni Bugufi na Bushubi. Biharamulo nayo ina Wasubi, Wazinza na Wahaya, pamoja na Wasukuma walioingia na majembe yao na ngoma yao ya kulimia, bugobogobo. Mgeni atakayesikilizishwa wimbo mmoja kwa wilaya zote mbili atakuwa amedanganywa.

Kosa la pili ni la mpakani. Kihangaza na Kirundi ni lugha za jamaa moja. Inanga, ile ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa kama hori, hupigwa Burundi na Rwanda, na kwa Wahaya huitwa enanga. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliandikisha ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha yake ya urithi wa binadamu. Kwa hiyo ni rahisi mno kupata sauti za Burundi zilizorekodiwa vizuri na kuzibandika jina la Ngara. Huo ni uongo. Lakini kusema kwamba ngoma ilizaliwa upande huu na kukomea mtoni ni uongo vilevile. Mipaka iliyochorwa na wakoloni haikuwauliza wapigaji, na programu ya haki haina budi kumweleza msafiri kwamba ala moja ina ndugu ng'ambo ya mto.

Jambo la tatu ni umilikaji. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake akinasa nyimbo, Uhaya ikiwamo. Kazi yake iliokoa sauti nyingi ambazo leo zingekuwa zimezikwa pamoja na waimbaji. Lakini sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, na kwa miaka mingi mjukuu wa mwimbaji asingeweza kuzisikia bila ya kuvuka nchi. Je, nyimbo za leo nazo ziondoke hivyo hivyo, ila safari hii kwa simu badala ya sanduku?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kinachotakiwa kabla ya programu ni daftari. Humo liandikwe jina la wimbo na lugha yake; jina la mwimbaji na la kijiji chake; shughuli ambayo wimbo huo huimbiwa, iwe ni kulima, arusi au msiba; siku uliporekodiwa; na ridhaa ya mwenyewe, pamoja na malipo waliyokubaliana. Mzee akisema wimbo fulani si wa kusikilizwa na wapita njia, liandikwe neno hilo, na wimbo usiwekwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda msanii, na inayo sehemu inayohusu sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kumtetea mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kadhalika yapo mahali pa kunyamaza. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakitoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikageuka kuwa mji wa turubai. Wananchi wa Ngara waligawana nao kuni, maji na ardhi. Mwaka 2016, mchezo wa simu uitwao Pokémon Go ulipoenea duniani, jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi lililoko Washington liliwaomba wageni wasiucheze humo ndani. Ombi hilo lina funzo kwa Ngara. Penye kumbukumbu ya Benaco yatosha maneno machache ya kweli; vikaragosi vya kucheza havina nafasi hapo.

Ndugu walimu, kazi ya daftari haihitaji mtaalamu kutoka nje. Mwalimu anajua ni mzee gani katika kata yake apigaye inanga, na wanafunzi wake wanaijua lugha. Ofisa utamaduni anayo ofisi ya kuhifadhi orodha. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, imeonyesha kwamba studio yaweza kusimama na kufanya kazi wilayani humo humo. Nakala moja ya kila wimbo ibaki shuleni, moja wilayani, na moja kwa mwimbaji mwenyewe. Hapo ndipo fundi wa programu aitwe, naye apewe masharti akiwa bado mlangoni. Dereva naye akumbushwe kwamba simu hiyo ni ya kuinuliwa gari likiwa limesimama.

Programu za simu huzeeka upesi. Simu za leo zitatupwa, na kampuni iliyounda chombo yaweza kufungwa. Yakitokea hayo, daftari na sauti zikiwapo, chombo kingine kitaundwa. Zisipokuwapo, kitakachobaki ni picha nzuri ya maporomoko yasiyo na mwimbaji, na mzee aliyejua wimbo atakuwa ameondoka nao.