Tusimbebeshe Mmoja Mzigo wa Nyumba Nzima



Balbu janja, vihisi vya milango na vihisi vya moshi vinavyotumia teknolojia ya Zigbee huwasiliana bila waya kwa nishati ndogo, kwa kasi isiyozidi kilobiti 250 kwa sekunde. Kifaa kilicho mbali na mtambo mkuu huhitaji vingine vikipokezee ujumbe wake.

Balbu na soketi zinazotumia umeme wa nyumba ndizo hufanya kazi hiyo. Kihisi cha betri hakipokezi; hulala muda mwingi ili kutunza betri, nacho hutegemea mlezi mmoja. Kila mlezi ana kikomo cha vifaa anavyoweza kuvihudumia. Akijaa, hukataa kingine. Aidha, mlezi akiwa balbu iliyozimwa kwa swichi ya ukutani, vihisi vyake hukosa njia hadi vipate mlezi mwingine. Hapo kihisi cha moshi chaweza kutambua hatari, na taarifa isifike.

Kwa hiyo tunawashauri mambo manne. Tawanyeni soketi za kupokeza katika vyumba mbalimbali, msizirundike sebuleni. Msizime kwa swichi balbu zinazopokeza. Ungeni kila kihisi kikiwa mahali pake pa kudumu, kisha mkijaribu. Na kabla ya kununua, muulizeni muuzaji mtambo mkuu huhudumia vifaa vingapi moja kwa moja, na iwapo kihisi cha moshi kina king'ora chake chenyewe.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tugawanye mzigo mapema, kabla ya siku ya moto.