Tunapongeza Pointi, Hatuulizi Hali

Msikilizaji, matokeo ya kidato cha nne umeshayasikia, na huenda simu yako bado inaita kwa pongezi. Hatutayarudia. Kinachotukera hapa kituoni ni kile kinachoanza kesho yake. Marangu nzima itamjua binti aliyepata wani ya pointi saba. Jina lake litasomwa kwenye matangazo ya usharika, picha yake itapanda kwenye bango la shule barabarani, shangazi wa Dar es Salaam atatuma pesa ya soda. Pointi zake tutazihesabu. Hali yake hatutaiuliza.

Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha Januari 2023 kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, kwa hoja kwamba ulinganisho ule hauna tija. Tulidhani joto litapungua. Halikupungua. Orodha sasa tunazitengeneza wenyewe, kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, kwenye harusi, hata misibani. Na Desemba, Wachagga tunapopanda nyumbani kuhesabiwa, hesabu inapigwa mbele ya shemeji na majirani: nani amefika chuo kikuu, nani kapandishwa cheo, nani kajenga.

Leo hatumzungumzii aliyefeli. Huyo walau ana wa kumhurumia. Tunamzungumzia anayeongoza darasa. Matroni yeyote wa bweni la wasichana anamjua. Amekosea neno moja kwenye daftari la Baiolojia, anachana ukurasa mzima na kuuandika upya, mistari kwa rula, saa sita usiku, tochi kaificha chini ya shuka. Mtihani wa moko ukirudi na A nane na B moja, anaililia ile B. Asubuhi ya pepa tumbo linamkata, viganja vinatoka jasho mpaka karatasi inalowa. Na sisi tunasema, huyu ana bidii. Tunasema, wenzake wangekuwa kama yeye! Tunapongeza pointi, hatuulizi hali.

Miaka inapita, binti yule sasa ni mhasibu pale Moshi mjini, au daktari, au meneja wa benki. Ripoti anaisoma mara ya sita ndipo aitume. Analipa ada za wadogo zake, anasimamia ujenzi wa kihambani kwa simu, ni mweka hazina wa kikoba, na ibada hakosi. Kila akisifiwa, moyoni anaogopa kwamba iko siku watagundua hajui lolote. Hofu hiyo wataalamu wanaifahamu kwa muda mrefu. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliiandikia makala baada ya kukutana na wanawake zaidi ya 150 waliofaulu sana masomoni na kazini, ambao pamoja na shahada zao waliamini wamefika pale kwa bahati, au kwa sababu msahihishaji alikosea.

Hofu ikizidi, inaweza kuwa maradhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 waliishi na maradhi ya wasiwasi, wanawake wengi kuliko wanaume. Maradhi haya yanatibika. Tiba ya mazungumzo haimwambii mtu aache bidii. Mtaalamu anakaa naye wiki hadi wiki, wanalishika wazo moja, tuseme "nikikosea mara moja nimekwisha", wanaliandika, wanalidai ushahidi. Kisha anapewa zoezi: wiki hii ripoti isome mara mbili tu, uitume. Anaituma huku anatetemeka. Bosi anaipokea, kazi inaendelea. Wiki inayofuata anapewa zoezi zito zaidi.

Huduma hiyo Marangu iko wapi? Mwenye kuitaka anashuka Moshi, hospitali ya Mawenzi au KCMC, akiomba jirani asimwone kwenye benchi la kliniki akaenda kusema amerukwa na akili. Binti wa bweni hana hata nauli ya kushuka. Yeye kapewa mwalimu wa malezi. Na mwalimu wa malezi, tumelisema hapa na tutalisema tena, ni yule yule wa Hisabati au Kiswahili, mwenye vipindi vyake, rundo lake la madaftari na zamu yake ya wiki. Unasihi wake unaishia mstarini: someni, mwombeni Mungu. Hatumlaumu. Tunawalaumu waliomkabidhi roho za watoto bila kumpunguzia hata kipindi kimoja.

Wala tusiambiwe wataalamu ni wachache. Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye mawazo kwenye mabenchi ya zahanati, na utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha watu walipata nafuu. Hapa hapa Moshi, watu wa kawaida walifundishwa kutoa tiba ya mazungumzo kwa watoto waliofiwa na wazazi, sambamba na wenzao wa Bungoma, Kenya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Nafuu ilikuwepo, ingawa upande wa Kenya ilidumu zaidi. Ujuzi huu umeshafika Moshi, msikilizaji! Kwa nini usipande mpaka kwenye mabweni yetu?

Dada unayetusikiliza huku kifua kinakubana kila Jumapili jioni, shuka ukaonane na mtaalamu. Usingoje mpaka uanguke. Wachungaji na mapadre, semeni madhabahuni kwamba kwenda kwa mwanasaikolojia si kupungukiwa imani. Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, mwalimu wa malezi apewe mafunzo na apunguziwe vipindi. Nanyi wazazi, mna nguvu kuliko mnavyodhani! Kikao cha kwanza cha shule muhula huu, kabla ya michango ya chakula, kabla ya kambi ya masomo, ulizeni kipindi cha unasihi kiko wapi kwenye ratiba. Mkijibiwa hakipo, msisaini muhtasari mpaka kiwekwe siku yake, saa yake na jina la mwalimu wake.