KIDARI KIKAVU NA UBAO MCHAFU

Jumapili moja shemeji yangu alikula kidari cha kuku nyumbani kwangu. Akatafuna, akatafuna tena, kisha akaomba maji. Hakusema neno, maana ni mtu wa adabu, lakini mke wangu alinitupia jicho ambalo wenye ndoa mnalijua. Mpishi siku hiyo nilikuwa mimi.

Viungo havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa woga. Niliogopa ubichi, nikakiacha kidari motoni karibu saa nzima.

Woga huo tumeurithi kwa kuku wa kienyeji, ambaye ametembea miezi mingi na nyama yake hailainiki bila kuchemka sana. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi, na kidari chake kina mafuta machache mno ya kukiokoa. Paja huvumilia moto, kidari hakivumilii.

Basi mnofu mnene upasue kwa ubapa, au uponde kwa mchi hadi ulingane unene. Twanga kotmiri fungu moja, mrehani kidogo ukiupata, kitunguu saumu punje nne, tangawizi na chumvi. Tia mafuta vijiko viwili na ndimu moja. Paka, funika, weka mahali penye baridi kwa nusu saa hadi saa mbili. Usilaze usiku kucha: ndimu huila nyama kwa juu ikawa kama unga.

Kidari hiki chataka moto wa juu, mkali na mfupi. Mwenye oveni awashe moto wa juu, dakika sita hivi kila upande. Asiye nayo asihuzunike. Bibi zetu walipalia makaa juu ya kifuniko na mkate wa kumimina ukatoka na rangi yake; fanya vivyo hivyo, makaa mengi juu, machache chini, na usiende kupiga soga kwa jirani. Kikifika nyuzijoto 74 za Selsiasi katikati, kimeiva. Huna kipimajoto? Pasua penye unene: nyama iwe nyeupe yote, isiwe na uwaridi wala mng'ao wa ubichi. Kiache kipumzike dakika tano.

Ajabu ni kwamba siku ile, huku nikiogopa ubichi, nilikatia kachumbari juu ya ubao uleule wa kuku, kwa kisu kilekile, bila kuviosha kwa sabuni. Na yale maji ya viungo yaliyolowekea nyama mbichi niliyamwagia juu ya kuku aliyekwisha kuiva! Usiku watoto wawili walishika matumbo. Maji hayo yachemshwe kwanza, au yamwagwe.

Hata kuosha kuku kuna hatari. Mwaka 2014 wakala wa viwango vya chakula wa Uingereza aliwaomba watu waache, kwani matone hurusha vijidudu vya kampilobakta hadi kwenye vyombo. Najua nimegusa pabaya. Mama yangu hawezi kupika kuku asiyeoshwa. Anayeshindwa kuacha atumie bakuli, taratibu, si bomba lililofunguliwa kwa nguvu.

Shemeji alirudi mwezi uliopita. Aliomba maji tena, lakini safari hii yalikuwa ya kunawa, na sahani ilikuwa tupu.