Haki ya Aliyeumia Mgongo Kazini
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Mombasa

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, na ndugu wanachama,

Karani wa Chama ameniomba niseme machache juu ya jambo lililowapata wengi wetu, nalo ni kuumia mgongo kazini na njia ya kudai fidia. Mimi si mwanasheria. Nadhani nimeombwa kwa sababu nilidai nikakosa, na aliyekwisha kuanguka shimoni aweza kuwaonyesha wenziwe lilipo.

Kisiwa hiki kimejengwa kwa migongo ya watu. Tangu majahazi yaliposhusha tende na samaki wakavu katika Bandari ya Zamani, hata zilipotengenezwa gati za kwanza za maji marefu huko Kilindini mwaka 1926, mzigo ulipanda na kushuka mabegani mwa makuli na mahamali. Haki zao hazikuja bure. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa muda wa karibu wiki mbili. Na Machi 1955 watu wa bandarini waligoma tena, hata Bwana Tom Mboya akaja kutoka Nairobi kusaidia kuleta mapatano. Siku hizi makasha huinuliwa na kreni, lakini katika maghala, na pale Marikiti, gunia bado lapandishwa juu ya mgongo wa mwanadamu.

Sasa nawasimulia yangu. Mwaka 2018 nilikuwa nikipakua magunia ya sukari ya kilo 50 katika ghala moja ambalo sitalitaja. Ubao wa kushukia ukateleza. Nikapinda pamoja na gunia langu, nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Nyapara akanipa shilingi 3,000 akaniambia, “Mzee, nenda ukakandwe. Ukipona rudi, nafasi yako ipo. Usiende kuandikisha habari hii, utamchukiza tajiri.” Nami, ndugu zangu, niliona ni wema.

Nikalala nyumbani Kibokoni, nikikandwa kwa mafuta asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nilipopelekwa hospitali, daktari akaniuliza nimeumiaje. Kwa haya, na kwa kumwogopa nyapara, nikasema niliteleza bafuni kwangu. Neno hilo likaandikwa. Nilipopata ujasiri wa kudai, miezi 14 ilikuwa imepita. Watu wa ghala wakasema hawakupata kusikia ajali yoyote. Ushahidi wa pekee uliokuwapo ulikuwa maneno yangu mwenyewe, nayo yalinipinga. Kijana wangu aliacha shule kidato cha pili, akaenda kusukuma mkokoteni. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mgongo.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ya mfanyakazi ndiyo mali yake.

Yafaa tujue sheria yasemaje. Sheria ya kale ya fidia, Sura ya 236, iliyoanza zama za ukoloni, iliondolewa ilipoanza kutumika mwaka 2008 Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo mpya ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa kubisha ni ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini. Kadhia hufika mahakamani baadaye, kwa rufani. Ajihadhari basi kila mtu na madalali wa kesi wanaomngoja majeruhi kwenye lango la hospitali.

Chini ya sheria hii huna haja ya kuthibitisha kwamba tajiri alikosa. Yatosha kuwa uliumia katika kazi uliyoajiriwa kuifanya, wala hukujidhuru kwa kusudi. Tena mapatano ya kazi ya mdomo nayo ni mapatano. Asikudanganye mtu kwamba huna haki kwa kuwa hukutia sahihi karatasi.

Hizi ndizo hatua zake.

Kwanza, mpe habari mwajiri upesi, kwa mdomo au kwa maandishi. Maandishi ni bora. Nawe ubaki na nakala yenye tarehe. Yeye, akiisha kupata habari, ana siku 7 za kuiarifu ofisi ya serikali. Asipofanya hivyo, nenda mwenyewe, au mtume mtu wako.

Pili, nenda hospitali siku ile ile, ukaseme kweli: mahali, saa, mzigo, na jinsi ulivyoanguka. Siwakatazi kukandwa, lakini daktari atangulie. Na miguu ikifa ganzi, au mkojo ukizuilika au kutoka wenyewe, usingoje asubuhi; hiyo ni hatari kubwa ya mishipa ya fahamu.

Tatu, weka kila karatasi. Jeraha la mgongo halionekani kama kidole kilichokatika. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, lakini haionyeshi vema mito laini iliyo baina ya pingili, wala mishipa ya fahamu. Kwa hiyo yaweza kusema mgongo ni mzima na wewe huwezi kuinama. Hapo ndipo rekodi ya kila safari ya hospitali inapokuwa shahidi wako.

Nne, andika majina ya walioona. Mashahidi wa bandarini hutawanyika kama samaki.

Tano, dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Mimi nilichelewa miezi miwili.

Na fidia yenyewe hupimwaje? Gharama za matibabu zinazostahili ni juu ya mwajiri. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa mshahara wako mpaka upone, wala muda huo hauzidi miezi 12. Ukibakia na ulemavu wa kudumu, huhesabiwa mshahara wa miezi 96, kisha ukatolewa sehemu ya mia iliyokadiriwa. Kwa mfano, aliyekuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi, akakadiriwa ulemavu wa 10 katika 100, hesabu yake ni shilingi 192,000. Usiporidhika na uamuzi wa ofisi, una siku 60 za kuweka pingamizi, na baadaye waweza kukata rufani katika Mahakama ya Kazi.

Najua baadhi ya wazee waona si adabu kumdai mtu aliyekulisha. Naiheshimu fikira hiyo, maana ndiyo iliyoninyamazisha mimi. Lakini sheria imemlazimu kila mwajiri kukata bima kwa ajili ya siku kama hiyo. Kudai kwa njia ya haki si utovu wa shukrani.

Mwaka 2021 mpwa wangu aliumia kiuno vivyo hivyo. Jioni ile ile nilimpeleka hospitali, nikaketi naye alipokuwa akieleza, na kesho yake tukapeleka barua kwa mwajiri pamoja na majina ya mashahidi wawili. Ilichukua muda, lakini alilipwa. Leo ana duka dogo la nafaka, na watoto wake wamo shuleni. Jeraha lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa karatasi, na mtu wa kumshika mkono.

Kwa hiyo naomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Chama kiwe na daftari la ajali, liandikwe siku ile ile habari ifikapo. Wachaguliwe wanachama wawili wa kumfuata majeruhi hospitali na ofisini, kwani mwenye maumivu hana nguvu ya kubishana na karani. Na litengwe fungu dogo katika mfuko wetu kwa nauli na nakala za karatasi. Daftari la kwanza nitalinunua mimi, nikalilete kabla ya mwezi kwisha.

Wazee wangu, nimesimama mbele yenu kwa fimbo hii. Sioni haya tena kuwaambia nilikoipata.