Barua za Taifa na Ufa wa Ukutani

Mnamo tarehe 2 Machi mwaka 2021, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza kwamba programu yake iitwayo Exchange, itumiwayo na serikali, mabenki, vyuo na makampuni duniani kote katika kupokea na kusambaza barua pepe, ilikuwa na kasoro nne za usalama, na kwamba walikuwapo watu waliokwisha kuzitumia kasoro hizo kuiba barua za wenyewe. Miaka imepita tangu siku hiyo, lakini mafunzo yake yangali yanatuhusu sisi wa nchi changa, pengine kuliko yanavyowahusu wale waliotajwa katika habari.

Zamani barua ya serikali ilikuwa na tarishi wake, bahasha yenye lakiri, na kabati la masijala lenye kufuli. Mtu aliyetaka kuiba siri za ofisi ilimlazimu kuvunja mlango, na asubuhi kila mtu angeona kwamba mlango umevunjwa. Siku hizi kazi ya tarishi, ya masijala na ya kabati inafanywa na kompyuta moja iitwayo seva. Na seva ya barua pepe haiwezi kufungiwa ndani. Ni lazima ielekeze uso wake kwenye intaneti ili barua zitokazo nje zipate kuingia. Kwa hiyo kasoro yoyote iliyomo katika programu yake ni ufa katika ukuta unaotazama njia kuu.

Kasoro ya kwanza kati ya zile nne ilimwezesha mtu wa nje, asiye na neno la siri lolote, kuipelekea seva ombi lililoundwa kwa hila, na seva ikalipokea ombi hilo kana kwamba limetoka kwake yenyewe. Ni sawa na bawabu amfunguliaye mgeni lango kwa sababu tu mgeni huyo amevaa koti la bawabu. Kasoro nyingine zilimwezesha mgeni huyo kuandika mafaili ndani ya seva na kuiamrisha apendavyo. Kabla ya kuondoka aliacha humo programu ndogo ya siri, mfano wa ufunguo wa bandia, ili aweze kurudi siku yoyote.

Ndugu wasikilizaji, jambo la kusikitisha ni mwendo wa siku zenyewe. Mtaalamu wa Taiwan ajulikanaye kama Orange Tsai aliziarifu habari za baadhi ya kasoro hizo kwa kampuni tarehe 5 Januari 2021. Mwanzoni mwa mwezi huohuo wezi nao walikwisha kuanza kazi. Viraka vya kuziba ufa vilitolewa baada ya takriban miezi miwili. Na vilipotolewa, mashambulio hayakupungua, bali yaliongezeka, kwa kuwa kila mdukuzi sasa alijua ufa uko wapi, na akakimbilia kwa wale ambao hawajauziba. Tarehe 10 Machi kampuni ya usalama iitwayo ESET ilieleza kwamba vikundi zaidi ya kumi vilikuwa vikiutumia ufa huo, na kwamba seva zaidi ya 5,000 katika nchi zaidi ya 115 zilikutwa na programu za siri.

Hata walio na uwezo hawakusalimika. Bunge la Norway lilitangaza kwamba habari zake zimeibwa. Mamlaka ya Mabenki ya Ulaya ilizima mitambo yake ya barua pepe. Nchini Marekani mahakama iliwaruhusu wapelelezi wa FBI kuingia katika kompyuta mamia kadhaa na kuziondoa programu za siri, kwa sababu wenyewe walikuwa hawajaziondoa. Hapa tutambue jambo ambalo maofisa wengi hulisahau: kiraka huziba ufa, lakini hakimtoi mwizi aliyekwisha kuingia.

Tarehe 19 Julai 2021, Marekani na washirika wake waliituhumu China kuhusiana na hujuma hiyo. China ilikanusha. Sisi si mahakimu wa shauri hilo. Lakini wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi, na katika nchi zile 115 na zaidi nyasi zilikuwa nyingi.

Wala si jambo geni. Mnamo tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Marekani, Robert Morris, alifungulia programu iliyojieneza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mojawapo ya njia zake ilikuwa programu ya barua iitwayo Sendmail, ambayo watengenezaji waliiacha na mlango wa majaribio ukiwa wazi. Inakadiriwa kuwa kompyuta 6,000 ziliathirika, katika mtandao uliokuwa na kompyuta zipatazo 60,000. Tangu wakati huo hata leo ugonjwa ni uleule: mtengenezaji huuza haraka, mnunuzi hufunga mtambo na kuusahau, na mwizi hukumbuka.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kuachana na seva zetu wenyewe na kuziweka barua zetu katika mitambo ya makampuni makubwa ya ng'ambo. Kwa ofisi ndogo isiyo na fundi, ushauri huo una maana, kwa kuwa kasoro zile za mwaka 2021 hazikuathiri huduma hiyo. Lakini mwaka 2023 wadukuzi waliokuwa na ufunguo mmoja wa Microsoft walifungua kwa huo masanduku ya barua ya mashirika yapatayo 22, na kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani peke yake walichukua barua zipatazo 60,000. Aliyegundua wizi huo hakuwa kampuni, bali wizara yenyewe, kwa kuwa ilikuwa imelipia kumbukumbu za ziada za mambo yafanyikayo katika mtambo. Tujiulize: wizara ya nchi maskini, isiyo na fedha za kulipia kumbukumbu hizo, ingegundua lini?

Basi la kufanya ni nini? Kwanza, fundi wa kompyuta katika ofisi ya umma asihesabiwe kuwa mtu wa kubadili wino wa mashine ya kuchapa. Yeye ndiye mlinzi wa masijala, na apewe mamlaka ya kuzima mtambo siku ile ile kiraka kinapotoka, hata kama mkubwa analalamika kwamba barua zake zimechelewa. Pili, programu iliyopita umri wake iondolewe. Muda wa msaada wa kawaida wa Exchange za mwaka 2016 na 2019 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Tatu, ofisi iliyoibiwa iseme, kama Bunge la Norway lilivyosema. Aibu ikifichwa, jirani naye huibiwa kwa njia ile ile.

Nne, nchi zetu zishirikiane. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao ulipitishwa Malabo mwezi Juni 2014, lakini ulianza kutumika Juni 2023, baada ya miaka tisa ya kungojea nchi 15 ziuidhinishe. Mwizi wa barua hangoji miaka tisa. Mwaka 2021 hakungoja hata siku tisa.

Ndugu wasikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika barua za serikali mna majina ya wagonjwa, mashamba ya wakulima, mishahara ya walimu na siri za majadiliano ya mikopo itakayolipwa na watoto wetu. Hizo si mali ya ofisi, bali ni mali ya wananchi. Aliyekabidhiwa hana budi kuzilinda.